MASWALI YA WASOMAJI: Ofisi ya zege inapovuja, kumeguka na kutoa baridi

Safari hii barua nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu jengo la aina moja: ofisi ya serikali ya ghorofa tatu au nne, iliyojengwa miaka ya 1960 au 1970, zege tupu lisilo na urembo, paa bapa, mbavu za zege mbele ya madirisha na nguzo zilizo wazi chini. Mengi kati ya majengo hayo ndiyo makao makuu ya idara katika mkoa au kanda. Tumezijibu pamoja kwa sababu majibu yanategemeana. Kinachoyamaliza majengo haya ni maji yaliyoachiwa njia, pamoja na ukarabati wa haraka unaoifunika njia hiyo bila kuiziba.

Makao makuu ya idara yetu yana paa bapa la zege. Mvua zikianza Novemba, ghorofa ya juu tunatega ndoo. Mwaka jana paa lilipakwa lami ya moto, halikufaa. Sasa limekuja pendekezo la kujenga paa la mabati juu yake. Mnashaurije? (Afisa utawala, Mbeya)

Kabla ya kununua chochote, pandeni juu mara baada ya mvua kubwa mkiwa na chaki, mzungushie alama kila dimbwi. Rudini baada ya saa 48. Dimbwi ambalo bado lina maji ndipo ugonjwa ulipo. Paa linaloitwa bapa halikukusudiwa liwe bapa kabisa: juu ya slabu, yaani bamba la zege la paa, kuna tabaka la mchanga na saruji lililomwagwa kwa mteremko kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji. Mteremko unaosanifiwa ni 1 kwa 40, yaani sentimita 25 kwa kila mita 10, ili hata fundi akikosea kidogo ubaki angalau 1 kwa 80. Tabaka hilo likititia au likichimbika, maji hutuama, na lami inayolowa mchana na usiku kwa miezi sita haidumu.

Kisha kagueni matundu yenyewe. Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya paa la mita za mraba 400 ni lita 20,000 za maji. Tundu moja likiwa limejaa majani ya mkaratusi na jingine lina kiota, maji hayo yanabaki juu ya vichwa vyenu, na kila sentimita 5 za kina ni kilo 50 juu ya kila mita ya mraba. Kila tundu liwe na wavu wa waya ulioumuka kwa juu. Wavu uliolala huzibwa na jani moja tu. Toboeni pia tundu la dharura kwenye parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, chini kidogo ya mahali lami inapoishia ukutani. Maji yakianza kumwagika hapo, kila mtu aliye uwanjani ataona kwamba matundu makuu yameziba.

Sehemu ya tatu ni maungio. Lami lazima ipande kwenye parapeti angalau sentimita 15, iingizwe kwenye mfereji uliochongwa ukutani na kufunikwa bati jembamba. Majengo mengi yanavuja hapa, kwenye kona, wala si katikati ya paa. Angalieni pia vitu vilivyoongezwa baadaye: mlingoti wa antena, miguu ya tangi, boliti za viyoyozi. Kila boliti iliyotobolewa kwenye lami ni mfereji mdogo wa kwenda ofisini.

Msidanganywe na doa la dari. Maji huingia upande mmoja, yakatembea chini ya lami hadi yakutane na ufa wa slabu, ndipo yashuke, pengine mita tano kutoka yalipoingilia. Njia ya uhakika ni kulijaribu paa kiangazi. Mhandisi akishathibitisha kwamba slabu inabeba, zibeni matundu ya sehemu moja, jazeni maji milimita 25 hadi 30, muache kwa saa 24, mtu mmoja akikagua chini kila baada ya saa chache. Anzeni na sehemu ya chini kabisa, mpande taratibu. Mkijaza paa zima kwa mkupuo mtaona limevuja bila kujua ni wapi.

Sasa, kwa nini lami ya mwaka jana haikufaa? Ukiipaka juu ya tabaka za zamani zilizovimba, umefungia unyevu ndani. Jua la saa saba mchana huugeuza mvuke, mvuke huinua malengelenge, baridi ya usiku huyasinyaza, na baada ya wiki chache yanapasuka. Kazi inayodumu ni hii: ondoeni tabaka zote hadi kwenye sakafu ya mteremko, rekebisheni mteremko, acheni pakauke, pakeni praima ya lami, yaani mpako wa kwanza wa kushikisha, kisha tandikeni tabaka mbili za roli za lami za kuchomwa kwa moto wa gesi. Ili kujua kama pamekauka, bandikeni nailoni ya mita 1 kwa mita 1 kwa utepe pande zote, muiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa na matone upande wa chini, subirini.

Roli ya kawaida ni mita 1 kwa mita 10. Ukiacha mapishano ya sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, roli moja inafunika karibu mita za mraba 8.9. Kwa paa la mita 40 kwa 10 mnahitaji roli 45 na kipande. Ongezeni kama tatu na nusu za kupanda ukutani, na asilimia 5 ya upotevu. Zinafika roli 51 kwa tabaka moja, 102 kwa mbili. Makadirio yakija na roli 80, muulizeni mkandarasi ni wapi ataweka tabaka moja. Maungio ya tabaka la pili yasiangukie juu ya maungio ya tabaka la kwanza. Na kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba, kuanzia kama saa 4 asubuhi umande ukishakauka, hasa kwa mji wenye asubuhi nzito kama Mbeya.

Kuhusu mabati: hilo tunaliweka mwisho kabisa, pale ambapo slabu imetitia kiasi kwamba mteremko haurekebishiki. Mabati yanaonekana rahisi, lakini yanahitaji nguzo zilizofungwa kwenye slabu, na kila boliti inatoboa kile mlichotaka kukiziba. Upepo nao unayanyanyua. Paa la mabati halishikiliwi na uzito wake. Yakilazimika, yawe na mwinamo wa nyuzi 10 au zaidi, yafichwe nyuma ya parapeti, na lami ya chini itengenezwe hata hivyo. Kwa vyovyote mpitie Wakala wa Majengo au mbunifu aliyesajiliwa, kwa sababu paa jipya ni badiliko la muundo, si tengenezo.

Kwenye jengo letu vipande vya zege vinameguka kutoka kwenye mbavu za mbele ya madirisha, na nondo zenye kutu zimeonekana. Fundi anasema atapiga plasta na kupaka rangi, kazi ya wiki moja. Tumkubalie? (Msimamizi wa majengo, Tukuyu)

Msimkubalie. Na leo hii, kabla ya jambo lolote, zungusheni kamba chini ya upande huo, si chini ya mita 3 kutoka ukutani, na mhamishie watu mlango mwingine. Kipande cha kilo mbili kikitoka ghorofa ya tatu kinaua.

Nondo ndani ya zege zuri haipati kutu kwa sababu saruji ina ualkali mkali, pH ya 12.5 hadi 13, unaoitengenezea nondo ngozi nyembamba ya kinga. Lakini hewa ukaa huingia polepole kupitia vitundu vya zege na kuushusha ualkali huo. Ukifika chini ya 9 kwenye nondo, kinga imeisha. Unyevu ukiwepo, kutu inaanza, nayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halina pa kwenda, linapasuka. Mbavu huathirika mapema kuliko nguzo kwa sababu ni nyembamba: nyingi za enzi hizo zina zege la milimita 15 hadi 25 tu juu ya nondo, na zinapigwa na hewa pande zote. Tukuyu, penye mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu haukosekani.

Plasta haizuii lolote kati ya hayo. Inaficha ufa, kutu inaendelea, na baada ya misimu miwili kinachodondoka ni zege pamoja na plasta, kizito zaidi kuliko kile cha kwanza.

Anzeni kwa kupima. Mtu apande jukwaa na nyundo ndogo, agonge kila ubavu kutoka juu hadi chini. Zege zima hulia kwa ukali. Lililoachana na nondo hutoa mlio mfu, mtupu. Kila sehemu tupu izungushiwe chaki na kuandikwa kwenye mchoro wa jengo. Kisha vunjeni kipande kidogo kwenye sehemu kadhaa, mnyunyizie hapo hapo dawa ya fenofthaleini iliyoyeyushwa kwenye spiriti kwa asilimia 1, ile ile ya maabara za shule za sekondari. Zege lenye ualkali hugeuka rangi ya waridi iliyokolea. Lililokwisha halibadiliki. Pimeni kwa rula kina cha sehemu isiyobadilika: kikiwa milimita 10 na nondo iko milimita 25, mna muda, kikiwa 25, hata nondo ambazo bado hazijaonekana ziko njiani.

Matengenezo yenyewe yanakwenda hivi. Kata mipaka ya kiraka kwa mashine ya kukatia, kina cha milimita 10 angalau, kingo zisimame wima. Kingo zilizochongwa zikawa nyembamba hubanduka kwanza. Chimba zege bovu kwa patasi au mashine nyepesi, kwa sababu mashine nzito hupasua zege zima la jirani. Usiishie kwenye uso wa nondo: chimba hadi nyuma yake, milimita 20 hadi 25, vidole vipite. Fuata nondo pande zote mbili hadi ukute chuma kisafi, kisha uongeze sentimita 5. Hapa ndipo mafundi wengi wanapofupisha kazi, na hapa ndipo inaporudi.

Sugua nondo kwa brashi ya waya au mchanga wa presha mpaka ing'ae pande zote, na nyuma pia. Ikiwa imeliwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya unene wake, simama umwite mhandisi. Ataagiza nondo ya kuongezea, na mapishano yake kwa kawaida ni mara 40 ya kipenyo au zaidi, yaani sentimita 48 kwa nondo ya milimita 12. Paka nondo dawa ya kuzuia kutu. Lowesha zege la zamani usiku kucha, asubuhi uondoe maji yanayong'aa juu, paka uji wa saruji wenye gundi ya ujenzi, na uweke mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, kabla uji huo haujakauka. Ukikauka, unakuwa ngozi ya kutenganisha. Tumieni mota maalumu ya kukarabatia zege. Ikikosekana, saruji 1 kwa mchanga safi wa mto 3, ikichanganywa na gundi hiyo hiyo, kwa tabaka za milimita 20 hadi 25. Funikeni kwa gunia bichi na nailoni siku 7. Miezi ya Juni na Julai usiku unapokuwa baridi kali, ongezeni siku, maana saruji hukomaa taratibu.

Jambo la mwisho ambalo halisemwi kwenye zabuni: ukitengeneza kiraka kimoja katikati ya zege lililokwisha ualkali, kutu huhamia pembeni ya kiraka. Ndiyo maana baada ya viraka ubavu wote unapakwa rangi maalumu inayozuia hewa ukaa huku ikiruhusu mvuke utoke. Rangi ya mafuta haifai. Inafungia maji ndani. Kazi hii kwa upande mmoja wa jengo haimaliziki kwa wiki moja, na anayeahidi hivyo anaahidi plasta.

Masjala yetu imejaa. Tuna mawazo mawili: kuhamishia mafaili kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, au kuziba kwa tofali ile nafasi ya chini yenye nguzo wazi tupate vyumba. Lipi ni bora? (Mtunza kumbukumbu, Iringa)

La pili, likifanywa kwa uangalifu. La kwanza ni hatari.

Sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba. Chumba cha mafaili hutakiwa kilo 500 na zaidi. Mita moja ya mafaili yaliyosimama rafuni ina uzito wa kama kilo 45. Rafu ya mita 1 yenye vibao sita ni kilo 270. Rafu zikipangwa mbili mbili mgongo kwa mgongo, kila moja na kina cha sentimita 40, na njia ya sentimita 80 kati ya jozi na jozi, kila mita ya mraba inabeba karibu kilo 340. Mkileta zile kabati zinazosukumwa kwenye reli na kushikana bila njia, ni kilo 675. Slabu haitaanguka siku hiyo. Italegea kidogo kidogo. Vuteni uzi chini ya slabu kutoka boriti hadi boriti: kwa upana wa mita 5, ikiwa imetitia zaidi ya milimita 20, ondoeni mzigo katikati muupeleke kwenye kuta na juu ya boriti, kisha muite mhandisi. Milango iliyoanza kugoma kufunga ni dalili ya mapema kuliko ufa.

Kuhusu kuziba nafasi ya chini, msijenge ukuta wa tofali uliobana nguzo hadi nusu au theluthi mbili ya urefu wake na kuacha dirisha refu juu. Nguzo ya mita 3 ilisanifiwa iyumbe kwa urefu wake wote. Ikibanwa mita 2, mtikisiko wote unaingia kwenye mita 1 iliyobaki, na nguzo hukatika hapo. Nyanda zetu zimepakana na Bonde la Ufa linalopita Rukwa, Mbeya na Nyasa, na matetemeko si habari ngeni. Acheni nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya ukuta na nguzo, ijazwe kitu laini, na ukuta ushikiliwe na nguzo zake ndogo. Bora zaidi ni kuta nyepesi za fremu na vioo. Rafu za chini zianzie sentimita 15 juu ya sakafu, kwa sababu unyevu wa ardhini hufika kwenye karatasi kabla haujaonekana ukutani.

Shikamooni. Nasoma masuala ya ujenzi, na mwalimu alisema ofisi hizi ziliigwa nje. Ni kweli? Na kwa nini waliacha zege bila hata rangi? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Mtindo ulikuwa wa dunia nzima, na kila nchi iliutumia kwa haja yake. Serikali nyingi zilikuwa zinaanzisha wizara na idara mpya kwa pamoja, na zilitaka majengo ya haraka, yanayojirudia ghorofa kwa ghorofa, yasiyobeba nguzo za Kigiriki wala bendera ya mkoloni usoni. Zege tupu liliokoa gharama ya kumalizia, na mbao za kumwagia zege ziliacha alama ambazo wasanifu walizipenda.

Mfano mzuri wa kuusoma uko Washington. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani iliundwa mwaka 1965, na makao makuu yake yakafunguliwa mwaka 1968. Msanifu alikuwa Marcel Breuer, mzaliwa wa Hungaria, ambaye mwaka 1958 alikuwa amekwisha kumaliza makao makuu ya UNESCO jijini Paris pamoja na Pier Luigi Nervi na Bernard Zehrfuss. Jengo la Washington lina ghorofa kumi na mbawa nne zilizopinda, likiwa limesimama juu ya nguzo. Kuta zake ni vipande vya zege vilivyomwagwa kiwandani, na vipande hivyo ndivyo vinavyobeba jengo na ndivyo sura yake ya nje. Lilikuwa jengo la kwanza la serikali kuu ya Marekani kutumia njia hiyo. Madirisha yamezama ndani, hivyo unene wa zege wenyewe unatoa kivuli. Tangu mwaka 2000 linaitwa kwa jina la Robert C. Weaver, waziri wa kwanza wa wizara hiyo na Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la nchi yake.

Sifa zake zisikufumbe macho. Uwanja wake wa mbele ulikuwa mtupu, hauna kivuli, wafanyakazi hawakuupenda, na miaka ya 1990 ulisanifiwa upya. Waziri mmoja aliyekaa humo, Jack Kemp, alilifananisha na ghorofa kumi za chini ya ardhi. Mwaka 2008 liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, kisha mwaka 2025 ikatangazwa kwamba wizara itahamia Alexandria, Virginia, huku matengenezo na maboresho yaliyoahirishwa yakitajwa kuzidi dola milioni 500. Deni la namna hiyo hujengeka mwaka baada ya mwaka, paa kwa paa, popote pale bajeti ya matengenezo inapokatwa kwanza.

Kwa upande wetu, msome Beda Amuli, aliyesanifu Soko la Kariakoo, na Anthony Almeida, aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa miongo mingi. Ukitazama namna walivyoshughulika na jua, mvua na upepo, utaona kwamba neno kuiga halitoshi.

Ofisini kwetu Juni hadi Agosti tunakaa na makoti. Baadhi wameziba vioo vya luva kwa karatasi na kuleta jiko la mkaa. Wengine wanataka mbavu za zege zivunjwe jua liingie. (Karani, Njombe)

Jiko litoke leo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichozibwa unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usingizi usio wa kawaida ndizo dalili, na anayesinzia hapo huenda asiamke. Mwenye dalili atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Kuhusu jua, hesabu ya Njombe ni tofauti na ya Pwani. Mwezi Juni jua la adhuhuri, ambayo kwenu ni kama saa 6:40 mchana, liko upande wa kaskazini kwa nyuzi 57 kutoka upeo. Desemba liko kusini kwa nyuzi 76, karibu utosini. Dirisha la urefu wa mita 1.5 likitazama kusini, kivuli cha zege cha sentimita 38 juu yake kinatosha kulifunika adhuhuri ya Desemba. Likitazama kaskazini, ili kulifunika Juni ungehitaji sentimita 97. Kwa hiyo kivuli cha sentimita 40 upande wa kaskazini kinawaachia sentimita 88 za kioo chenye jua katika msimu wa baridi. Hapo hamna cha kuvunja. Hamishieni meza upande huo, ondoeni mapazia mazito mchana na kabati zilizosogezwa dirishani. Mbavu zilizosimama wima upande wa mashariki na magharibi nazo zinazuia jua la chini la asubuhi na jioni. Mkitaka jua la asubuhi, mhandisi aulizwe kwanza kama ubavu unabeba chochote, maana kwenye baadhi ya majengo unabeba.

Baridi yenyewe inapitia kwenye luva. Vioo vyake havifungi sawasawa hata vikiwa vipya, na fremu ikipinda kidogo kila kioo kinaacha mwanya. Badilisheni sehemu ya chini na ya kati iwe madirisha ya kufungua yenye mpira wa kuziba, mkifuata mgawanyo ule ule wa fremu ili sura ya jengo isiharibike. Safu ya juu iacheni ifunguke: mtu mmoja ofisini anahitaji lita 8 hadi 10 za hewa safi kwa sekunde. Mkiziba kila kitu, pumzi za watu zitageuka maji kwenye kona za dari na ukungu mweusi utafuata kabla ya Agosti. Hita za umeme ziwekwe baada ya fundi umeme kukagua nyaya. Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, na mbili kwenye soketi moja ya enzi hizo zinaunguza.

Sakafu ya terazo kwenye ngazi na korido imepauka. Wasafishaji wanatumia asidi, inatoa uchafu lakini inazidi kufifia. (Mhudumu wa ofisi, Iringa)

Asidi inakula terazo. Vipande vyake ni vya marumaru na chokaa vilivyoshikwa na saruji, na vyote viwili huyeyuka kwa asidi. Weupe mnaouona ni uso uliotoboka, nao unashika uchafu haraka kuliko mwanzo. Tumieni sabuni ya maji isiyo kali na maji mengi. Kuurudisha uso, ukodiwe mtambo wa kusagia wenye mawe ya namba 60, 120, 220 na 400, mkisaga kwa maji na kuosha tope kabla ya kupanda namba. Nyufa zijazwe saruji yenye rangi inayolingana kabla ya namba 220, si baada. Mwisho pakeni dawa ya kuziba vitundu inayoingia ndani. Nta inayong'aa iacheni, hasa kwenye ngazi, maana viatu vikija na maji ya mvua mtu anateleza. Mnapokodi mtambo au kuajiri fundi, mwombeni kwanza asage mita moja ya mraba kwenye kona isiyopitiwa, muione ikiwa kavu siku inayofuata.